Sikudhani, Nyati na Maji ya Bwawa la Chini

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na maji.

Nani kayakalia?

Tuambie wewe, sisi tumekalia mkeka.

Basi kunjeni miguu mwenzenu apate nafasi, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana madumu ya plastiki yalikwisha kufika duniani, aliishi pimbi mmoja jike jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua: yule mnyama wa majabalini, mfupi, mnono, kama sungura aliyesahauliwa masikio. Sikudhani aliishi juu ya jabali pamoja na mavyaa wake, mama mzaa mume, Bi Mashavu. Mume mwenyewe alichukuliwa na tai mwaka juzi. Wakabaki wawili, mjane na mama wa marehemu, hawana mwingine.

Bi Mashavu alikuwa bingwa wa kulalamika. Jua likitoka, limetoka mapema. Majani yakiletwa, yameletwa makavu. Sikudhani akipita, amepita kwa kishindo. Sikudhani alikwisha zoea. Alijibu "naam, mama," akaendelea na kazi zake, na siku zikaenda.

Chini ya jabali palikuwa na bwawa. Wanyama wote wa upande ule walikunywa hapo. Ng'ambo ya bwawa akaja mtu akalima nyanya. Kila baada ya siku chache alijitwika bomba mgongoni, akazinyunyizia nyanya zake dawa ya kuua wadudu, fsss, fsss, fsss. Akimaliza alishuka bwawani, akaliosha bomba, akamwaga povu lake, akarudi kwake. Masika nzima hakikutokea kitu, maana maji yalikuwa mengi. Kiangazi kilipoingia bwawa likapungua, likapungua, likapungua, mpaka likawa dimbwi. Dawa haikupungua.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Aliyekunywa akavimba. Aliyeoga akavimba. Aliyelamba tope tu, naye akavimba. Ngiri alivimba magoti, akawa anatembea kama aliyebeba mayai. Ngedere alivimba macho mpaka akakosea tawi. Na Bi Mashavu alivimba kote: midomo, shingo, miguu, tumbo, na ngozi yake ikawaka kama jiwe la jua la saa saba. Jina lake la utotoni likawa sasa linamfaa kupita kiasi. Sikudhani mwenyewe alinusurika kwa kuwa alikunywa umande wa majani alfajiri akienda kuchuma, lakini umande haubebeki, na mgonjwa ana kiu.

Siku ya kwanza Bi Mashavu alilalamika. Siku ya pili alilalamika kidogo. Siku ya tatu Sikudhani alichuma majani makavu, tena kwa makusudi, akayaweka mbele yake, akangoja. Bi Mashavu hakusema neno. Akajua huyu mama anakufa.

Akashuka, akawazunguka wanyama mmoja mmoja, anatafuta nani hakuvimba. Akampata mmoja tu: Kanga, yule ndege wa madoadoa. Miguu yake myembamba kama zamani, na mdomo wake umepakaa rangi ya manjano. Sikudhani akamwuliza amekula nini. Kanga aliona haya kidogo, kisha akakiri kwamba naye alivimba, ila alikuwa akipenya kule juu kwenye chemchemi, akinywa maji safi na kufukua mizizi ya manjano, yale ya kutia mchuzini, katika shamba lililoachwa na wenyewe. Siku ya nne uvimbe ukashuka. Lakini jana Nyati alimwona, akamfukuza, akamkanyaga mkia yakabaki manyoya matatu chini, na yeye Kanga harudi tena huko hata kwa dawa.

Nyati huyo alihamia chemchemini kiangazi kilipoanza. Alilala katikati, maji upande huu, manjano upande ule, na pembe zake zimeziba njia. Manjano hakuyala, alisema yanamkausha ulimi. Maji hakuyamaliza, yalikuwa yakibubujika mchana kutwa na kumwagikia mchangani. Lakini kitu wanachokihitaji wengine ndicho alichopenda kukilalia.

Sikudhani akapanda mlima, paku, paku, paku. Akaomba funda moja la maji na kipande kimoja cha manjano, kwa ajili ya mgonjwa. Nyati hakuinua hata kichwa. Akasema, "Shuka."

Akashuka. Akachuma majani mabichi, mororo, yale anayoyapenda Nyati, akayafunga mzigo, akapanda tena, paku, paku, paku. Nyati akala majani yote, akajilamba pua, akasema, "Shuka."

Akashuka. Sasa hakuwa na mpango wowote. Aliwaza tu kwamba labda Nyati akimwona mgonjwa kwa macho yake atapata huruma. Akachukua ganda la mgomba, akamlaza Bi Mashavu juu yake, akaanza kulivuta mlimani, krrr, krrr, krrr. Akivuta hatua tatu anapumzika. Akipumzika anamtazama mama kama bado anapumua. Jua lilikuwa limefika utosini walipofika.

Nyati akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Hicho ni nini?"

"Ni mavyaa wangu, Bwana. Bi Mashavu."

Nyati akasimama. "Bi Mashavu namjua. Kadogo, ukwato wangu unamfunika."

"Naam, Bwana. Ndivyo alivyokuwa wiki iliyopita."

"Huyu ni kama boga."

"Naam, Bwana. Kama boga."

Sikudhani akafungua kinywa aombe huruma, ndipo akayaona macho ya Nyati. Hayakuwa macho ya huruma. Yalikuwa macho ya mtu anayechungulia sahani ya jirani. Na Sikudhani akakumbuka habari iliyozagaa mlima mzima, kwamba mwezi uliopita Nyati alikutana na Tembo njiani, akaambiwa apishe, akapisha, na swala wote wakaona. Tangu siku hiyo Nyati hakuwa na raha na umbo lake. Basi Sikudhani akafunga kinywa.

"Amekula nini?" Nyati akauliza.

"Hajala kitu, siku tatu."

"Basi amekunywa."

"Amekunywa."

"Wapi?"

"Bwana, sisi wa chini tuna wapi pengine? Ni lile bwawa."

Nyati akamzunguka Bi Mashavu, akamnusa. "Mbona hasemi?"

Bi Mashavu, kwa midomo ile, akatoa sauti moja tu: "Mmm."

"Sasa hasemi na mtu," Sikudhani akajibu.

Nyati akatikisa kichwa taratibu. Wakubwa aliwajua, ndivyo walivyo. Akauliza, je, mnyama mkubwa akinywa, atakuwa kiasi gani? Sikudhani akasema hilo hajaliona, yeye amewaona wadogo tu, na ngiri, ambaye magoti yake kwa kweli si ya zamani. Kisha akasema neno la mwisho, naye alilisema kwa moyo wake wote:

"Bwana Nyati, nakusihi usinywe maji yale."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Tangu azaliwe Nyati hakuwahi kukatazwa jambo na mtu anayefunikwa na ukwato wake. Akaona wazi kwamba anafichwa neema. Akatoka mbio kuteremka mlima, tifu, tifu, tifu, vumbi likapaa juu ya miti. Muda si muda ikasikika kutoka chini: gubu, gubu, gubu.

Sikudhani hakusikiliza. Alikwisha ingia majini. Alimnywesha mama maji, funda kwa funda. Akafukua manjano, akayaponda kwa jiwe, mengine akamlisha, mengine akampaka shingoni na miguuni. Akapiga mluzi wa pimbi, ule mkali, na Kanga akaja, na ngiri akaja, na ngedere akaja akishikwa mkono. Kila aliyekuja akanywa. Kila aliyekunywa akatafuna. Jioni mlima mzima una midomo ya manjano.

Siku ya pili Bi Mashavu alifumbua macho. Siku ya tatu asubuhi midomo yake ilikuwa imenywea. Sikudhani akamletea manjano yake ya kusaga. Bi Mashavu akatafuna, akatafuna, akatema kidogo.

"Haya hukuyaosha," akasema. "Yana mchanga."

Sikudhani alikaa chini pale pale. "Naam, mama," akasema. Machozi yalimtiririka hadi kwenye masharubu, na Bi Mashavu akamwuliza analilia nini mtu mzima, kwani mchanga kaula yeye? Hapo Sikudhani akacheka huku analia, akachukua manjano akaenda kuyaosha, akayaosha mara mbili.

Mchana wa siku hiyo hiyo Nyati akarudi. Walimsikia kabla ya kumwona: anagonga mti, puu, anasimama, anagonga mti, puu, anasimama. Macho yalikuwa yamezibwa na nyama. Miguu yake minne ilikuwa kama magogo, na ulimi ulitoka nje haurudi. Kukua alikuwa amekua, hilo hakuna ambaye angelikataa. Alifika hatua kumi kutoka kwenye maji, akaanguka.

Kanga alisema aachwe. Alisema manyoya yake matatu hayajaota bado, na kwamba kiu ya Nyati ni haki yake. Ngiri akakubaliana naye. Sikudhani alimtazama Nyati akihema, akakumbuka zile siku tatu za mama. Siku mbili hizi hakuwa amelala vizuri. Kila alipomwona mama anapona, moyo wake ulikuwa ukitelemka kule bwawani.

"Mimi ndiye niliyemwacha aende," akawaambia. "Nileteeni maji."

Na kwa kuwa ni yeye aliyewaita chemchemini, hakuna aliyeweza kumkatalia. Wakachota kwa maganda ya mgomba. Mwili wa pimbi unataka kipande kimoja cha manjano. Mwili wa nyati ulitaka shamba. Walifukua mpaka jua likazama, kwata, kwata, kwata, na Kanga, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyefukua kuliko wote. Wengine husema ni maji safi yaliyomponya, wengine husema ni manjano. Sikudhani hakubishana, alitoa vyote viwili. Siku ya tano jicho moja la Nyati likafumbuka. Siku ya nane akasimama, ngozi inaning'inia kama kanzu ya kuazima.

Neno lake la kwanza lilikuwa kwa Sikudhani. "Wewe ulinidanganya."

"Kwa neno lipi, Bwana?"

Nyati akarudi kulala pale pale katikati, akafikiri. Alifikiri siku ile na siku iliyofuata. Aliyapitia maneno yote ya Sikudhani, moja moja, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele, na la mwisho alilikumbuka vizuri zaidi. Hakuona uongo hata mmoja. Siku ya tatu alihama pale katikati, akalala pembeni, njia ikawa wazi.

Yule mtu wa nyanya naye alikuja kuona mbuzi wake mwenyewe amevimba taya. Akafuata nyayo za mbuzi mpaka bwawani, akasimama hapo kitambo kirefu na bomba lake mkononi. Kuanzia siku hiyo hakuliosha tena bwawani. Masika ikaja mapema na kwa nguvu, ikalisuuza lile dimbwi mpaka tope lake jipya likawa na harufu ya mvua tu. Lakini wanyama wa upande ule hawakushuka upesi. Walikaa juu, wakanywa, wakanenepa kwa unene wa kawaida, na mlima ukapumua.

Bi Mashavu aliishi miaka mingi. Aliwafundisha watoto wa ngedere, akiwa amekaa kwenye kivuli kizuri kando ya chemchemi, kwamba mdogo amtii mkubwa wake, asimzidi akili, asimpeleke mahali; na kwamba mema yote aliyoyaona duniani aliyapata kwa kukaa kimya na kutolalamika. Watoto waliitikia kwa heshima.

Nami nasema kama yeye. Funzo ni hilo, wanangu: mkubwa akikalia maji, mwacheni akae, msimkaribie, wala msimwambie kweli hata moja.

Ngano nimeitua, mzigo si wangu tena. Aliyeiona tamu aondoke nayo. Aliyeiona chungu aitie asali, asinitazame mimi.