Msiilaze Tupu

Ti-ti-ti, ti-ti-ti, usiku wa manane, ulisikika mlio kutoka nyumba ya mwanamke mmoja aliyekuwa na betri ya sola na mtoto mchanga. Jina lake Somoe. Betri ikiisha kabisa, kidude chake cha ukutani hulia hivyo, na pale kwao kililia kila usiku, maana mumewe, Hashiri, alishika neno la tangu enzi za simu za tochi, kwamba betri haichajiwi mpaka ikauke, ukiichaji ingali na nusu unaidekeza. Fundi aliyeifunga alisema kinyume. Alisema ikifika nusu iacheni, ingoje jua, wala msiilaze tupu. Wakamwitikia ndiyo fundi, wakamsindikiza hadi barabarani, wakarudi wakafanya yao.

Basi ikatumika. Taa, redio, televisheni siku za mpira, simu za majirani kumi, na jirani utamkataliaje, watasema anaringa tangu apate sola. Na Somoe naye akatumika vilevile, jamani, vilevile: mtoto hajatimiza arobaini, mama ameshashika jembe, anachota maji, anapokea simu za watu mlangoni, usiku ananyonyesha mpaka kunakucha, na akiketi kidogo mchana mumewe anacheka, anauliza kama kile kiti kimepakwa gundi.

Masika yakaja, jua likawa haba. Taa ikawa inafika saa nne, halafu saa mbili, halafu siku moja haikuwaka kabisa. Fundi akaitwa, akaipima. Hashiri akataka kujua imepatwa na nini jana, maana juzi ilikuwa nzima.

“Haikufa jana, bwana,” fundi akasema. “Mmeiua kidogo kidogo, kila siku mkingoja ilie ndipo muione.”

Hashiri akasema basi, watatafuta nyingine.

Somoe aliyasikia hayo akiwa mlangoni, mtoto begani, akamshika kwa mikono yote miwili. Kwa sababu asubuhi ile kisimani alimlaza mtoto kwenye majani ili ajitwishe ndoo, akamtazama, asihisi kitu, akaondoka. Akafika mpaka kwenye mihogo ya watu ndipo akakumbuka kwamba ana mtoto. Alikimbia, maji yote yakamwagika, akamkuta bado amelala, mkono mmoja umo kwenye tope, hatua mbili tu kutoka mdomo wa kisima.

Jioni akamwendea wifi yake, Mwajabu, dada yake Hashiri, akamweleza yote kwa pumzi moja. Hakuomba kingi. Aliomba alale, siku mbili tu, mtu amshikie mtoto, maana anaogopa kesho hatakumbuka kurudi. Mwajabu alilia, alimpenda kweli. Lakini akamfikiria kaka yake, akamfikiria mama yao, akafikiria watu watakavyosema kuhusu mwanamke aliyesahau mwanawe kisimani.

Nawauliza, ninyi mliozaa na ninyi mliozaliwa, nani alipaswa kumpokea mtoto yule jioni ile? Maana Mwajabu alimfuta Somoe machozi kwa ncha ya kanga, akamrudishia mtoto mikononi, akamwambia taratibu:

“Nenda nyumbani, wifi yangu. Hili umeniambia mimi, sitamwambia mtu mwingine.”