Swali la Tatu

Maneno yalimfikia fundi cherehani akiwa anakunja marinda ya sketi za shule: binti yake aliyekwenda kusoma ng'ambo ameacha masomo, amekuwa dobi. Aliyeyaleta ni jirani yake, mke wa kinyozi, ambaye mpwa wake anaishi mji huohuo.

"Dobi?" Fundi akacheka. "Shoga, huyo hata soksi zake nilikuwa namfulia mimi!"

"Haya. Mimi nimeambiwa kila asubuhi yuko kwenye duka la mashine za kufulia. Saa za darasa."

Alicheka, lakini maneno yale yalimganda kama kupe. Siku hiyo sindano ilimchoma kidole mara mbili.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Alipofika ugenini alibandika ukutani karatasi yenye malengo manne: nisikose darasa, nijifunze lugha yao kila siku, nifaulu mitihani yote, nisimtie mama wasiwasi. Matatu ya kwanza yalikuwa mema. La nne ndilo lililoyala hayo matatu.

Mwalimu wake alisema haraka kama mvua juu ya bati. Katika maneno matano, Chiriku aliambulia moja. Mtihani wa kwanza akaanguka. Mwalimu akamsimamisha mlangoni.

"Unaendeleaje?"

"Salama tu."

Kwetu sisi "salama" ni kubisha hodi tu. Hata mwenye msiba huanza na salama. Anayekujulia hali atauliza tena, na tena, na kufikia swali la tatu ukweli umeshatoka wenyewe. Chiriku akasubiri swali la pili. Mwalimu akatabasamu, akaenda zake. Kwao, aliyesema salama yu salama.

Mtihani wa pili akaanguka tena, na aibu ikamtoa darasani. Chumbani kwake mlikuwa na kiti kimoja, kikombe kimoja, na nyuma ya ukuta alikohoa jirani asiyemjua sura. Basi asubuhi akawa anakwenda kukaa kwenye duka la kufulia, maana mlikuwa na joto, na watu. Hakuwa na nguo za kufua. Alitazama za wenzake zikizunguka.

Jumapili mama akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mzima kama chuma."

"Masomo je?"

"Salama tu."

"Jana ulikula na nani?"

Chiriku akakitazama kiti chake kimoja.

"Chiriku?"

"Mama, tangu nifike huku sijala na mtu."

Hapo yakamwagika yote, kama gunia lililokatika mshono. Fundi hakugomba. Alisubiri kilio kipungue, akasema, "Kesho nenda kwa mwalimu wako. Usianze na salama. Anza na nimeshindwa."

Akaenda, akasema. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nina darasa la jioni kwa wageni wanaotatizwa na lugha. Mbona hukuniambia? Lilijaa wiki iliyopita."

Wenzake wakapanda mwaka wa pili. Chiriku akarudia wa kwanza, katika chumba kilekile cha kiti kimoja. Kwenye karatasi ukutani alilikata lengo la nne, akaandika: niulize.

Ninyi mnaosafiri kwenda kusoma, epukeni haya:

Kumjibu "salama tu" mtu anayeuliza mara moja.

Kukwepa darasa la leo kwa aibu ya mtihani wa jana.

Kula peke yako juma zima.

Kumpa mama raha ya uongo, kwa maana uvumi utamfikia kabla yako.

Na sisi wazazi tuepuke kuridhika na jibu la kwanza.

Mwaka mzima ulimpotea mtoto wa watu akisema yu salama. Hakika, mficha uchi hazai.