Askari Aliyewapokea Wageni Vizuri

Fungeni Biblia zenu kwanza, tutarudi humo. Nataka kuwapa mfano, na leo sina mfano wa kuwachekesha.

Palikuwa na askari mmoja mstaafu. Alilitumikia jeshi tangu ujana wake, akaenda vitani, akarudi na mguu mmoja mzima na mwingine wa kuburuta. Alipostaafu alirudi kwao na mkewe, wakaishi katika nyumba ya udongo aliyoachiwa na baba yake, pale chini ya kilima ambapo maji yote ya mtaa hupita mvua ikinyesha. Ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha kulala, ulikuwa na ufa. Mwanzoni ulikuwa ufa wa kupitisha sisimizi. Kufikia wakati ninaousimulia, paka alipita humo bila kujikunja. Mkewe alikuwa amesema mpaka amechoka kwamba ukuta ule utawaua.

Sasa serikali ya nchi ile ikafanya jambo jema. Msigune, serikali nazo hufanya mambo mema. Iliona askari wake wa zamani, na wajane wa wale waliokufa, hawana pa kulala, na benki haziwakopeshi kwa sababu pensheni ni ndogo na hawana cha kuweka rehani. Ikaziita benki ikaziambia: wakopesheni hawa wajenge, mimi ndiye mdhamini wao. Wakishindwa kulipa, msiwadai wao wala watoto wao, mnidai mimi.

Nani hapa amewahi kutafuta mdhamini? Basi unajua jinsi ndugu zako wanavyoacha kupokea simu. Askari huyu hakutafuta. Mdhamini alimtafuta yeye, akamjia mpaka mlangoni.

Kulikuwa na utaratibu mmoja tu. Fedha za mwaka ule zisingewatosha wote, kwa hiyo afisa angepita nyumba kwa nyumba aone hali ya kila mmoja, na wenye nyumba mbovu zaidi wangetangulia. Hukuhitaji kujuana na mkubwa. Ulihitaji kuwa na nyumba mbovu, na bwana huyu alikuwa nayo.

Akaletewa habari kwamba afisa atafika Alhamisi.

Sasa muulize mtu yeyote aliyekaa kambini: wakubwa wakija, mnafanya nini? Mnafyeka majani. Mnapaka mawe chokaa. Viatu vinang'arishwa, na kitanda kinatandikwa mpaka mtu anaogopa kukilalia. Huyu mzee alikuwa ameishi hivyo miaka yake yote ya nguvu, na wakati mmoja aliwekwa mahabusu kwa sababu ya kifungo cha shati kilicholegea. Ndiyo adabu aliyoijua. Aliposikia kwamba afisa anakuja, jioni ile ile akatafuta chokaa.

Mkewe akamfuata uani akamwambia, "Mume wangu, huyu anakuja kuona shida yetu. Mwache aione."

Akamjibu, "Hakuna afisa aliyewahi kunikuta mchafu tangu siku ile ya mahabusu. Hatanikuta Alhamisi."

Na majirani je? Majirani walikuwa watu wema, na nataka mlikumbuke hilo, maana mnatafuta mtu mbaya katika mfano huu na hamtampata. Waliposikia mzee anatembelewa na mtu wa serikali, walisema hatuwezi kumwacha mwenzetu aaibike. Huyu akaleta makochi. Yule akaleta kapeti, mwingine kabati la vyombo pamoja na vyombo vyake. Mmoja alitaka kubeba hata friji, akakumbushwa kwamba nyumba haina umeme. Mama mwenye duka la vitambaa akatoa pazia jipya, zito, wakalitundika chumbani likafunika ukuta wote wa nyuma. Kwa nje wakarundika kuni, zikapangwa vizuri mpaka juu, ufa ukapotea. Walipomaliza walisimama barabarani wakaitazama nyumba, na kila mtu akafurahi.

Alhamisi afisa akafika. Alikuwa mama wa makamo, mpole, amechoka kwa kupanda vilima. Akamkuta mzee mlangoni amevaa sare yake ya zamani, akapigiwa saluti na kuitwa afande. Akacheka, akasema yeye si afande, ni raia tu. Akakaribishwa kwenye kochi, akaandaliwa chai na maandazi. Kisha akauliza kwa upole, kama binti anavyomwuliza babaye, "Baba, nimekuja kusikia shida zenu. Nyumba hii inawasumbua wapi?"

Mnauona mlango huo? Umefunguliwa wote, na hakuna aliyeuzuia.

Mzee akasema, "Hakuna shida. Tunamshukuru Mungu."

Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. Akafungua kinywa. Mumewe akamtazama, na yeye alikuwa mke aliyelelewa vizuri, akakifunga, akamwongezea mgeni chai. Afisa akazunguka vyumba, akafika chumbani akalishika lile pazia, akasema ni zuri. Majirani walikuwa wamejaa uani, wote waliujua ule ufa, na hakuna hata mmoja aliyemvuta yule mama kando kumwambia neno. Akaaga akiwa na furaha ya kweli. Akasema laiti askari wetu wote wangekuwa wanaishi hivi.

Mzee akamgeukia mkewe akamwambia, "Tumepita."

Kabla ya jua kuzama kila jirani alikuwa ameshachukua chake.

Wakakaa wakingoja. Miezi ikapita. Ng'ambo ya bonde palikuwa na mstaafu mwingine, mlevi, ambaye siku ya afisa hakufagia hata mlango, na mbuzi wake walikuwa wamelala sebuleni. Huyo wakamwona anachimba msingi. Mzee wetu akakasirika, akavaa sare, akaenda ofisini kuuliza kama ndivyo nchi inavyowalipa watu wake wenye nidhamu. Akamkuta mama yule yule. Mama akamwambia kwamba yeye alimkuta vizuri, ndiyo maana wametanguliza walio taabani. Kisha akamwangalia kidogo akamwuliza, "Au kuna jambo hukuniambia, baba?"

Wapendwa, mlango umefunguliwa mara ya pili. Ni nani kati yetu anafunguliwa mara mbili? Lakini mwanamume huyu angesema nini? Kwamba makochi hayakuwa yake? Kwamba alimdanganya afisa, na mtaa mzima ukamsaidia? Alikabiliana na risasi akiwa kijana na hakurudi nyuma. Mbele ya meza ya yule mama, aliogopa.

Akasema, "Hakuna, afande." Akapiga saluti, akarudi nyumbani akiburuta mguu wake.

Masika yakaja. Ilinyesha wiki nzima. Asubuhi moja mzee ametoka msalani, akasikia kishindo, akadhani ni gari limeanguka barabarani. Ulikuwa ukuta wa chumbani, na mkewe alikuwa bado amelala.

Majirani walikuja mbio wakafukua kwa mikono. Wakamtoa amekufa. Walilia kwelikweli, siwezi kuwasingizia, walimpenda. Katika kulia kwao mmoja akasema, "Sisi tuliujua ukuta huu," na wengine wakamnyamazisha, kwa sababu msibani hapasemwi maneno ya namna hiyo.

Siku ya tatu akaja jamaa kutoka mbali, hana habari ya msiba. Akamkuta mzee amekaa peke yake nje, akamwamkia, akamwuliza habari za hapa. Mzee akamjibu, "Nzuri."

Kisha akasema, "Ila mke wangu amefariki."

Mfano wangu umeishia hapo. Msiningoje niwaambie kwamba baadaye alipewa nyumba. Alipewa, nasema ukweli, walipomwona hana ukuta walimpa. Akalala humo peke yake.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na sisi tunaisema hiyo harusini tunacheka, kisha tunarudi nyumbani kuficha. Yupo aliyetuambia sisi: wakishindwa kulipa, mnidai mimi. Alidaiwa, na alilipa mwilini mwake. Hakutuuliza tuna nini. Alitaka jambo moja, tumwonyeshe palipobomoka, na hilo ndilo tumemnyima. Tunamjia Jumapili tumenyoosha nguo, tumeazima maneno ya sala kwa watu wanaojua kusali, na ndani ya nyumba zetu kuna mtu amelala chini ya ufa. Mara nyingi ni yule aliyetaka kusema tukamtazama.

Na msijifiche nyuma ya mzee, kwa maana wengi wetu hapa si mzee, ni majirani. Tunajua. Tunajua ni nani mumewe anampiga, tunajua kijana wa nani ameanza kuzungumza habari za kujiua. Tukiona wageni wanakuja tunakimbia na makochi yetu. Tunaita kusitiri. Kusitiri ni jambo jema, Maandiko yanasema upendo husitiri, lakini upendo gani unaufunika ukuta na kumwacha mtu alale chini yake?

Nimehubiri hapa muda mrefu, na sitawadanganya kwamba nadhani mfano huu utabadilisha kitu. Tutaimba, na nitasimama mlangoni kuwapa mikono kama kawaida. Katika mstari huo yuko mmoja wetu ambaye hatafika Jumapili ijayo kama alivyokuja leo. Simjui. Aliyeketi karibu naye huenda anamjua. Nitamshika mkono, nitamwuliza habari za nyumbani, ataniambia ni nzuri, nami nitasema Mungu ni mwema, na nitamwacha apite nimsalimu wa nyuma yake.