Kengele ya Bi Zamoyoni

"Mlango wenye jicho hauna hodi." Mmeisikia jana kwa shangazi yenu, alipokuwa akimkanya mdogo wake anayepekua simu za wanawe kila wakienda kuoga. Mkacheka, kwa kuwa milango haina macho, na leo mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Yametoka Morogoro, mtaa mmoja chini ya mlima, na mwenye mlango alikuwa Bi Zamoyoni, mkunga mstaafu.

Bi Zamoyoni alizalisha watoto wa mji ule kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, kazi haikumwacha. Wanawake walimfuata nyumbani. Hawakuwa na desturi ya kuingia ndani. Walikaa naye barazani, kwenye mkeka kando ya mlango, maana hapo palikuwa na upepo, na mtu aliweza kunong'ona huku akichambua mchele, mpita njia asijue kuwa kuna jambo. Aliyoyasikia hapo yaliishia hapo. Hata marehemu mumewe hakupata kuambiwa.

Siku moja mchana, alipokuwa sokoni, wezi waliingia uani wakang'oa pampu ya maji. Mwanawe wa pekee, Twaha, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuja Jumamosi ya wiki ile ile na kiboksi cheusi, akakifunga kwenye fremu ya mlango kwa skrubu mbili. Ilikuwa kengele, lakini kengele yenye kamera. Mtu akisogea tu barazani, duara la buluu linawaka, na simu ya Twaha inamwita huko aliko, amwone mtu huyo na kumsikia.

"Inasikia mpaka wapi?" Bi Zamoyoni aliuliza.

"Hata mtu akinong'ona, mama. Sasa hauko peke yako."

Siku za mwanzo alifurahi. Ni nani asiyependa kukumbukwa na mwanawe? Kisha simu zikaanza. Mama, yule mzee wa saa tatu alitaka nini? Mama, mbona umekaa nje kwenye baridi na kifua chako? Mama, leo hukutoka kabisa, unaumwa? Yote aliyauliza kwa mapenzi, na kwa sababu hiyo mama alikosa pa kumshikia. Akaanza kutokea mlango wa uani. Akausogeza mkeka hadi pembeni mwa baraza, akaona kamera bado inamfikia, akaurudisha. Kila duara lilipowaka alihisi kama mtu amemsimamia nyuma ya shingo. Safari moja alining'iniza kanga juu ya kile kiboksi. Hazikupita dakika kumi Twaha akapiga. "Mama, kamera imeziba, kuna nini?" Akaivuta ile kanga haraka, kama mtoto aliyekutwa na kidole ndani ya kopo la sukari.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba wale wanawake hakuwaambia. Kila alipokusudia, mwenzake alikuwa ameshaanza kusema lake. Nao waliokiona kile kiboksi walidhani ni kengele tu. "Twaha yuko kazini," alijituliza. "Ana wakati gani wa kusikiliza mambo ya wanawake?"

Kwenye nyumba iliyotazamana na yake alikaa Mwasiti, mwalimu wa shule ya msingi, na mumewe Kondo. Mwasiti alikuwa amepoteza mimba mbili. Asubuhi moja alivuka barabara, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye mkeka na kumwinamia Bi Zamoyoni sikioni.

"Bi, nimeshika tena. Miezi miwili."

"Alhamdulillahi."

"Sijamwambia mtu. Hata Kondo sijamwambia. Mara mbili amewatangazia watu, na mara mbili nimekaa nikipokea pole zao. Safari hii acha kwanza itulie."

Duara lilikuwa linawaka. Bi Zamoyoni aliliona. Alitaka kusema, "Mwanangu, tuingie ndani," lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kusema sasa kungekuwa kukiri kwamba amemwacha aongee. Akamshika goti. "Umefanya vizuri," alisema tu.

Siku hiyo Twaha alikuwa ameifungua simu. Alisikia ule mwanzo, kabla hajaitwa kwenye kikao: ameshika tena, miezi miwili. Yeye na Kondo walikuwa wamekua pamoja. Alipotoka kikaoni akampigia, na moyo wake mweupe kabisa: "Hongera, ndugu yangu! Mungu amekukumbuka!"

Jua halijazama, mama mkwe ameshaambiwa. Kesho yake ndugu wakaja na maziwa na dua.

Mwasiti aliwaacha wageni ndani, akatoka. Hakupanda barazani. Alisimama barabarani, mikono ameikunja kifuani.

"Bi Zamoyoni, nilimwambia mtu mmoja tu duniani."

Bi Zamoyoni alifungua kinywa, na macho yake, bila kupenda, yakaenda kwenye kile kiboksi. Mwasiti akayafuata macho hayo. Duara likawaka.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe hatukuwa wawili."

Akageuka akaenda zake. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukajua. Kila mwanamke alijikumbusha alichowahi kusema kwenye mkeka ule, na lini. Hodi zikakatika. Walimsalimu kutoka barabarani, salamu zote, za afya na za mwana, na miguu inatembea. Bi Zamoyoni alipika chai ya watu watatu, ikapoa. Alimpigia Twaha akamgombeza, naye akashangaa. "Nilimpongeza tu, mama! Kosa langu ni nini?"

"Njoo ukitoe kitu chako."

"Na wezi wakirudi?"

Nawaambia kweli, Bi Zamoyoni naye aliwaogopa wale wezi. Akakiacha.

Ikapita miezi mitano. Aliketi dirishani, pazia amelifungua kidogo, akiangalia tumbo la Mwasiti likikua, akihesabu majuma kwa vidole. Hakuweza kutulia na kazi yoyote. Alianza kushona, akaacha. Akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mara mbili alivuka barabara, na mara mbili Mwasiti alimjibu "salama" akiwa ameushika mlango, kisha akaufunga.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Twaha alimtumia picha ya video kwenye simu. "Mama, huyu alikuja jana jioni, nimemwona leo. Alisimama akaondoka. Alitaka nini?"

Bi Zamoyoni alivaa miwani. Ni Mwasiti. Amepanda barazani, amenyanyua mkono kana kwamba anataka kubisha. Mkono ule ukaenda kwenye paji la uso, ukakinga macho, ingawa jua lilikuwa limeshatua nyuma ya nyumba. Uso umejaa, hata kope zimevimba. Na miguuni amevaa kandambili za Kondo, maana zake hazimwingii tena. Kisha akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akashusha mkono, akaondoka.

Yule mkunga hakuhitaji kuitazama mara ya pili. Alivuka barabara peku.

"Hodi! Mwasiti! Hodi!" Hakuna jibu. Hakungoja. Alisukuma mlango akamkuta amelala sakafuni sebuleni, ametapika, kichwa amekishika kwa mikono miwili. "Sioni vizuri, Bi," alisema. Kondo alikuwa kazini. Bi Zamoyoni alitoka barabarani akasimamisha gari la kwanza lililopita, la mtu aliyebeba mkaa, akamwamuru ashushe magunia.

Hospitalini walisema ni kifafa cha mimba kilichokuwa kinanyemelea, na kwamba wangekawia mpaka jioni wangewapoteza wote wawili. Wakampasua mchana ule. Akazaliwa mtoto wa kike, hakufika kilo mbili, akafungwa kifuani kwa mama yake apate joto.

Siku ya tatu, ilipowezekana kuzungumza, Bi Zamoyoni alikaa ukingoni mwa kitanda. Twaha alikuwa amekuja, amesimama nyuma yake pamoja na Kondo.

"Ona, mama," Twaha alisema. "Bila ile kamera usingejua."

"Kamera ilimwona Jumatano jioni," mama yake alijibu bila kugeuka. "Mimi nimemwona kesho yake saa nne. Angebisha, ningempokea Jumatano ile ile." Kisha akamwuliza Mwasiti, "Kwa nini hukubisha, mwanangu?"

"Nilikuja nibishe, Bi. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Duara likawaka, nikaushusha mkono." Alimfunika mtoto vizuri kwa kanga. "Mlango wenye jicho hauna hodi."

Wodi nzima ilisikia, na walioruhusiwa kwenda nyumbani waliyabeba maneno yale.

Bi Zamoyoni aliporudi hakungoja mtu. Alichukua bisibisi akakifungua kile kiboksi kwa mkono wake, Twaha akimtazama. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba, na kote alisema lile lile: "Kitu kile kilikuwa kinasikia. Nilijua, nikanyamaza. Nisameheni." Wako waliomsamehe wakarudi. Wako waliosema yamekwisha, lakini wakaendelea kumsalimu kutoka barabarani.

Na Mwasiti? Alikuja, na mtoto akiwa mgongoni. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, wakaongea habari za meno ya mtoto, za mvua, za bei ya mchele. Lakini siri hakumletea tena mpaka Bi Zamoyoni anaingia kaburini, wala yeye hakuuliza. Mchana alikaa barazani, na kila aliposikia hatua za mtu alinyanyuka kidogo, akisubiri. Mara nyingi hatua zilipita.

Ndiyo maana shangazi yenu jana hakucheka aliposema, wala mimi sicheki. Mlango wenye jicho hauna hodi.