Halua Isiyotiwa Chumvi

Wapokezi wa habari za kale wamehadithia kwamba mji wa Zarkoh, ulioko baina ya jangwa na milima mikavu, ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Haidari, mfalme mpole aliyependa vitu vitamu hata akawatia wasiwasi matabibu wake. Na katika mji huo aliishi kijana wa Kibulushi jina lake Pirdadi, msonga halua, na halua yake ilikuwa na zafarani na lozi na korosho na zabibu kavu na tini, na kila aliyeionja alisahau alilokuwa akilalamikia.

Lakini Pirdadi mwenyewe hakuwa na raha. Mchumba wake Mahguli, binti wa ami yake, ndiye aliyekuwa akimchambulia zafarani, na kila mara kabla ya kazi alimfunga kilemba kwa mkono wake na kumkemea, "Kaza hapo, binamu, jasho lako lisiingie katika chakula cha watu." Siku moja Mahguli alikwenda kisimani jua likiwa utosini, saa ambayo watu wa Zarkoh hawatoki kwa kuyaogopa majini, na hakurudi. Ndoo yake ilikutwa imesimama wima, imejaa maji. Ndugu zake wakamwekea matanga bila ya maiti, na Pirdadi akakataa kuhudhuria, kwa kuwa moyo wake ulikana katakata kwamba Mahguli amekufa.

Adhuhuri moja akaingia dukani mzee mwenye joho la kijani, na jua lilikuwa likimpiga mgongoni, na sakafuni mbele yake hapakuwa na kivuli.

"Ewe Usta Pirdadi," akasema mzee yule kwa sauti laini mno, "mimi ni waziri wa Mfalme Barkani, na bwana wangu anaoa leo. Bibi harusi amesahau mji wake, na jina lake amelisahau, na chakula chetu hakigusi; ila husema anataka halua yenye zafarani. Basi twende ukatusongee, na utarudi na dhahabu yenye uzito wako. Sharti letu ni moja tu. Chumvi usitie."

Kila mtoto wa Zarkoh alijua kwamba majini hayastahimili chumvi, na ndiyo maana katika ukoo wa Pirdadi kila sufuria ya halua ilitiwa chembe za chumvi, ili wasioalikwa wasije wakala. Akajibu, "Nasikia na kutii," na sauti yake haikutetemeka, nami ningekuwa yeye ningekimbia.

Wakafika kisimani, na jabali lililo kando yake likafunguka, na ndani mlikuwa na kasri lenye mwanga usiotoka popote. Langoni walinzi wakampekua na kumnyang'anya kifuko cha chumvi alichokuwa amekificha. Wakampeleka ukumbini, penye sufuria ya shaba juu ya moto usio na kuni, na kitini akamwona Mahguli, amevaa hariri, macho yamemkodoka. Alimtazama Pirdadi kama mtu atazamavyo ukuta.

Akaanza kazi, na watumishi waliosimama nyuma yake walinong'onezana kwa furaha, "Leo atakula kwa mkono wa mfalme, na akishameza tu, ni wetu milele." Pirdadi aliyasikia maneno hayo. Akasonga sukari na wanga na samli, akamimina zafarani iliyolowekwa katika maji ya waridi, na mwiko ukazidi kuwa mzito, na kila alichotia kilikuwa kitamu, na kila utamu ulikuwa ukimfunga Mahguli.

Joto likampanda. Jasho likalowesha kilemba chake, na hapo akakumbuka kwa nini alikivaa.

Akakifungua, akakitupa chini.

"Kulikoni?" akauliza waziri, akisogea.

"Joto, bwana mkubwa. Ruhusa nipate hewa."

Majini yakacheka, kwa kuwa yameumbwa kwa moto na hayajui joto ni nini, wala hayajapata kutoka jasho. Pirdadi akainamia sufuria na kusonga kwa nguvu zake zote, na matone yakaanguka kutoka kwenye paji la uso na puani na kidevuni, na hofu ikamtoa jasho kuliko moto, hata halua ikaiva na kuiachia sufuria. Akamwaga lozi na korosho na zabibu na tini, akapakua.

Mfalme Barkani, ambaye uso wake haukutulia katika sura moja, akamega matonge mawili, moja akatia kinywani mwake na moja kinywani mwa Mahguli, kwa wakati mmoja. Mfalme akapiga ukelele uliopasua kuta, na akawa moshi, na waziri akawa moshi, na kasri lote likatikisika. Mahguli akatafuna polepole. Akakunja uso.

"Binamu Pirdadi," akasema, "mbona hukufunga kilemba?"

Wakajikuta wawili kisimani, mwiko ungali mkononi mwa Pirdadi, na jua lingali utosini. Sultani Ghalibu aliposikia kisa hicho akataka aionje halua iliyobaki mwikoni, akalamba, akatafakari, akawaozesha siku ile ile na kuwapa nyumba na mali nyingi.

Lakini Mahguli hakuwa amerudi kamili. Jikoni, penye joto la kuunguza, paji lake lilikuwa kavu. Hata mama yake alipofariki, hakutoka chozi. Kila adhuhuri alisimama dirishani akitazama upande wa kisima, na majirani wakanong'ona kwamba aliyerudi si yeye. Pirdadi aliogopa, naye hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata Mahguli akajifungua mtoto wa kike, na uchungu ulikuwa mkali. Pirdadi alipoitwa ndani alimkuta amelala hoi, na paji lake linang'aa. Akaligusa kwa kidole, akakipeleka ulimini, akaonja chumvi.

Basi wazee wa Zarkoh hufunza kwa kisa hiki kwamba mtu asione haya kwa jasho lake, nao wana haki. Pirdadi hakufikiri funzo lolote. Alilia kwa sauti mpaka wakunga wakamfukuza, na Mahguli, machozi yakimtiririka kwa kicheko, akamwita arudi amfunge kilemba.