Mwamba wa Sinia Jekundu

Tegeni masikio, na mwenye jibu asilitoe kabla sijamaliza.

Katika vilima vya Kondoa palikuwa na kitongoji cha kaya tatu, jirani na mwamba uliojitokeza kama paa. Chini yake watu wa kale walichora, kwa rangi nyekundu, kitu cha duara kama sinia kikielea juu ya watu waliolala chali.

Kila kaya ilikuwa na mtu mwenye kipaji. Mwasiti aliona kilichofutika machoni pa wengine. Kidunda, mrina asali, hakusahau neno aliloambiwa. Isuja, mchungaji, alipopaza sauti, ng'ambo ya bonde waliitika.

Siku moja Mwasiti alipanda mwambani kuanika ulezi. Chini ya sinia akaona mbuzi waliochorwa, waliofifia mno, wote wamegeuza shingo upande mmoja. Akashuka.

"Kaka Kidunda, wale mbuzi wa mchoroni, waliogeuza shingo wote, wanatazama nini?"

Kidunda akaweka mzinga chini. "Mbuzi? Babu aliniambia kile kitu kama sinia kilikuja kweli. Wanyama walikijua kwanza, na watu waliopona walijibanza mwambani. Hakusema wanyama walifanyaje."

"Basi ndivyo walivyofanya, waligeuza shingo," akasema Mwasiti.

Wakamweleza Isuja, maana ndiye aliyeshinda na mbuzi.

Siku ya tisa, jua la utosini, mbuzi wakaacha kula. Wote wakageuza shingo mashariki. Isuja akapiga ukelele: "Mwambaniii!" Wa shambani wakatupa majembe, wa kisimani wakaacha ndoo, wakakimbia. Mwasiti akamfunika bintiye uso. Mwanga mweupe ukapita bila mlio wowote, mwamba ukatetemeka, na sehemu kubwa ya lile paa ikabomoka.

Walipotoka, hakupungua mtu. Mbuzi walikuwa chali, hata mmoja hapumui.

Mwasiti akarudi kuutazama mchoro, akatamani awe kipofu. Kando ya sinia lile, kwa rangi iliyokaribia kuisha, yalikuwapo mengine mawili, ambayo yalikuwa bado kuja.

Paa lililobaki lilitosha kaya moja tu. Kaya mbili zingelazimika kuhamia mwamba mwingine, mwendo wa siku nne katika uwanda mtupu usio na hata jabali la kujificha. Wakaenda kwa jumbe.

"Bila macho yangu, dalili tusingeijua," akasema Mwasiti. Alijua akishinda, anawatoa wenzake nje.

"Bila neno la babu, ungeona mbuzi tu," akasema Kidunda.

"Na bila sauti yangu," akasema Isuja, "mngejua yote hayo mkiwa mmelala chali shambani."

Jumbe akasema, "Mimi siwezi. Waulizeni watu."

Ndiyo maana nawauliza. Nafasi ni moja, na sinia la pili halikusema siku. Wewe ungemwachia nani mwamba?