Kwa Nini Asumini Haikai Mwilini

Zamani hizo, mji wetu huu ulipokuwa mitaa miwili na kisima kimoja, asumini haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya manjano iliyokolea, rangi ya asali, kwa sababu asali yenyewe ilikuwa humo. Nyuki walikuwa hawajajua kutengeneza masega. Walichokusanya huku na huko walikwenda kukiweka ndani ya maua ya mwasumini, ua kwa ua, nao mwasumini ukawatunzia. Ndiyo maana harufu yake ilikuwa nzito na tamu, na ndiyo maana ilinata. Ukiishika asumini leo, mkono wako ulinukia mpaka mwezi uandame. Kuoga hakukusaidia. Uliingia kuoga, ukatoka unanukia zaidi.

Wanawake waliipenda, nisiseme uongo. Mwenye kujipaka mafuta yake alisikia kwanza ubaridi wa jani bichi, halafu ua lenyewe, halafu asali ikimpanda shingoni taratibu, akatembea utadhani njia yote ni yake. Lakini walioivaa walikuwa wari na wazee tu. Mwenye mtoto wa kunyonya hakuigusa. Sababu ilikuwa imekwisha kusahauliwa, ikabaki desturi peke yake, na haikuchukua muda akatokea mtu wa kuiona haina maana.

Mtu huyo alikuwa Bi Mkunde, mjane mwenye mkono mwepesi wa kupamba maharusi na ulimi mwepesi zaidi. Mwanawe wa pekee alikuwa amemwoa Mwanashehe, na Mwanashehe akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Mize. Bi Mkunde hakuwa mavyaa mbaya. Siku zote arobaini za uzazi alimkanda mkwewe kwa maji moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamkataza hata kuinua kata ya maji. Basi ilipofika siku ya arobaini, siku ambayo mzazi hutoka ndani na wanawake wa mji huja kumtazama, alitaka wamwone kweli.

Wenzake wakamkumbusha desturi. Akawajibu kwamba mkwe wake hatatoka mbele za watu kama anayekwenda kutwanga. Akaroweka maua kikapu kizima katika mafuta ya nazi, akampaka Mwanashehe nyuma ya masikio, shingoni, kifuani, hata katikati ya matiti. Kisha akamtungia kikuba, kile kishada cha maua na majani ya rehani, akakibana kifuani pake. Mwanashehe alicheka. Alikuwa amekaa ndani siku arobaini akinukia maziwa na moshi, na sasa alijiona mwanamke tena. Alifurahi mno, wala hakuna wa kumlaumu.

Wageni walikuja, wakasifu, wakala, wakaenda zao. Ndipo Mize akaletwa anyonye. Alifungua kinywa, akageuza uso. Wakamrudisha, akageuka tena, akalia huku akitafuta kwenye mkono wa bibi yake, kwenye nguo aliyofungiwa, kila mahali isipokuwa pale alipowekwa. Mtoto wa siku arobaini hajui jina la mama yake, na sura yake anaijua nusunusu. Anachokijua hasa ni harufu, na ile aliyoizoea haikuwapo. Kwake yeye, mama alikuwa amekwenda zake na mgeni amekaa mahali pake.

Bi Mkunde akasema ni usingizi. Jioni akasema ni tumbo. Siku ya pili akakubali kuwa ni ile harufu. Walimsugua Mwanashehe kwa ndimu, kwa mchanga, kwa majivu, wakamfukiza udi, na harufu ikakaa palepale. Mtoto alipewa maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa, akayatapika. Siku ya tatu kilio chake kikaanza kufifia, na kila aliyewahi kulea anajua kuwa kilio cha namna hiyo ndicho cha kuogopa. Matiti ya Mwanashehe yalikuwa yamejaa hadi yakawa magumu kama mawe. Yalimuuma, na kila mtoto alipolia yalichuruzika yenyewe.

Asubuhi hiyo akamfunga Mize mgongoni kwa mbeleko, akaenda kwenye mwasumini uliokuwa nyuma ya kisima. Bi Mkunde akamfuata kwa mbali. Hakuwa na uso wa kutembea karibu naye.

Siku hizo maua yalisema kama watu, msinitazame hivyo wanangu, na asumini ilikuwa na maringo kuliko ua lolote. Mwanashehe akaiomba imwondolee harufu yake mwilini. Asumini ikamjibu kwamba haikumwita, watu wake ndio waliokuja na kikapu. Kisha ikamweleza shida yake, maana nayo ilikuwa na shida. Ilikuwa ua dogo, halina umbo la kutazamwa, na jirani yake alikuwa waridi, kipenzi cha kila mtu. Kilichofanya itajwe mjini ni kule kudumu kwake tu.

Mwanashehe akayainamia maua. Mize akatoa sauti mgongoni, ndogo, isiyofika hata kuwa kilio, na hapo maziwa yakamtoka mama yake, yakalowesha nguo, yakadondoka juu ya maua aliyokuwa ameyainamia. Asumini ikayaonja. Ilikuwa imetunza utamu maisha yake yote, lakini haijapata kuonja kitu kilichowekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Haya ni ya nani?" ikauliza.

"Ya huyu wa mgongoni," akasema Mwanashehe. "Hayataki, kwa sababu ninanukia wewe."

"Nikiiachia asali yangu, harufu yangu haitamaliza hata siku moja," ikasema. "Mtanisahau."

Bi Mkunde alikuwa ameshafika. Mwanamke yule ambaye hakuna aliyepata kumwona akiomba, alipiga magoti kwenye matope ya kisimani. "Hatutakusahau," akasema. "Ukiisha leo, kesho jioni tutakuja tena. Mimi mwenyewe nitakuja, na nitawafunza wanaokuja nyuma yangu."

Asumini ikakubali. Ikawaita nyuki, ikawaambia watafute pengine pa kuweka mali yao. Nyuki wakanung'unika, na mpaka leo hawajaacha, wakabeba asali yao tone kwa tone wakahamia kwenye magogo yenye uwazi. Asali ilipotoka, umanjano nao ukatoka. Ua likabaki na rangi ya maziwa yaliyolidondokea, na harufu ya asali ambayo haimo tena.

Na mwilini mwa Mwanashehe harufu ikaanza kushuka. Kwanza ua likaondoka, halafu asali ikalegea ikawa joto tu, na chini yake ikatokea ngozi yake mwenyewe, na jasho lake, na maziwa yake. Yeye hakujua. Aliyejua ni Mize, akaanza kuhangaika ndani ya mbeleko. Mwanashehe akakaa chini palepale, akamfungua, akamweka kifuani. Mtoto akanusa, akatulia, akanusa tena, akashika. Akanyonya kwa nguvu hata wakamsikia akimeza. Bi Mkunde alilia bila haya. Mwanashehe yeye alishindwa kujua alie au acheke. Alihisi matiti yanalegea, mabega yanalegea, na siku zile tatu zinamtoka zote kwa pamoja. Mimi nimewahi kuijua raha ile, wanangu, mwanangu wa pili aliponyonya baada ya homa, na sijaona nyingine ya kuifikia.

Bi Mkunde alitimiza ahadi. Kila jioni alikwenda kuchuma, hata alipozeeka akawa anashikwa mkono.

Basi kutoka siku ile mpaka hii tuliyo nayo, asumini ni nyeupe, huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, hutungwa, na kukicha imekwisha, ni lazima ufuate nyingine. Hata haya manukato ya vichupa mnayoyanunua kwa bei za kutisha, yenye maua meupe na asali ndani yake, yako chini ya sharti lilelile la kutofunika harufu ya mwenyewe. Mwenye kujipaka huyasikia mwanzo tu. Baada ya hapo pua yake huyazoea, akadhani yamekwisha, kumbe yameshuka kwenye ngozi na kuchanganyika naye, na anayepita karibu bado anayasikia. Wanawake wawili wakijipaka kichupa kimoja, kila mmoja hutoka na harufu yake. Na mzazi siku hizi hutoka siku ya arobaini na kikuba chake kifuani bila hofu yoyote. Nanyi mkitaka kujua kama asumini imeshika neno lake, mchukueni mtoto yeyote ambaye mama yake huivaa, mwulizeni mtoto huyo mama yake ananukia nini. Hatawatajia ua wala asali. Atawaambia ananukia mama.